Namba ya simu ni yako, anwani ya barua pepe si yako

Wazee wangu shikamoo, na vijana mliotoka Lindi na Masasi karibuni Mtwara. Suala hili nimelisema Newala, nimelisema Nachingwea, na nitalisema tena leo, maana kila nikipita mjini naona bango la duka lenye barua pepe inayoishia na jina la kampuni iliyowauzia intaneti.

Tuanze na simu. Mwenye laini ya 0784 tangu enzi za Celtel anyooshe mkono. Mnaona mlivyo wengi! Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na namba yenu haikuguswa. Mnunuzi wa korosho aliyekuwa akikupigia aliendelea kukupata. Namba ni rasilimali ya taifa: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inazigawa, kampuni zinapewa kuzitumia tu. Tangu Machi 2017 unaweza hata kuhama mtandao ukaondoka na namba yako.

Barua pepe haina ulinzi huo. Kinachofuata baada ya alama ya @ ni kikoa, yaani jina la mtandaoni, na kikoa kina mwenyewe aliyekisajili. Kampuni ikiuzwa, kikoa kinakwenda kwa mnunuzi pamoja na mitambo, wateja na madeni. Kuanzia hapo yeye ndiye anayeamua barua zako ziende seva ipi, yaani kompyuta ipi ya kuzitunza, na siku akiona seva hiyo inamla fedha bure, anaizima.

Tazameni Uingereza. Kampuni ya intaneti ya Freeserve ilianza mwaka 1998, na wengi huko walipata barua pepe yao ya kwanza humo. Wafaransa wakainunua. Mwaka 2004 ikaitwa Wanadoo, mwaka 2006 ikaitwa Orange, mwisho ikaangukia mikononi mwa kampuni ya simu ya EE. Muda wote huo anwani za zamani ziliendelea kupokea barua, watu wakazoea, wakaona hakuna neno. Tarehe 31 Mei 2017 zikafungwa: za Freeserve, za Wanadoo, za Orange. Mwaka uleule ambao sisi huku tuliruhusiwa kuhama na namba! Na mwaka huohuo Verizon ya Marekani, iliyokuwa imeinunua AOL, kampuni nyingine ya intaneti na barua pepe, mwaka 2015, ikajitoa katika biashara ya barua pepe. Wateja wakaambiwa wahamishie anwani zao AOL au wazikose.

Kuna mtu atasema walipewa notisi. Ndiyo, walipewa. Lakini notisi anapewa mteja. Mnunuzi wako wa Vietnam, mwenye anwani yako kwenye mkataba wa msimu uliopita, nani atampa? Na huyo bado ni afadhali, atakutafuta kwa simu. Mimi kinachoninyima usingizi ni nywila. Kijana, Ajira Portal, tovuti ya kuomba kazi serikalini, unaingia kwa barua pepe. Ukisahau nywila, kiungo cha kuibadilisha kinatumwa kwenye barua pepe hiyohiyo. BRELA ya usajili wa biashara ni hivyo, NeST ya zabuni za serikali ni hivyo. Sanduku likifungwa, unabaki nje ya kila mlango uliofungua kwa anwani ile. Unahangaika kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, na siku ya mwisho ya kutuma maombi haikusubiri.

Mwingine ananiambia, “Mwalimu, mimi niko Gmail, hayanihusu.” Nayo ni kampuni ya watu, ila angalau haitegemei nani anakuuzia bando. Mwenye biashara, sajili kikoa chako cha .tz. Na kisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, tafadhali! Fundi akikisajili kwa jina lake, umehama kwa bwana mmoja ukaenda kwa mwingine.

Muda umenibana, haya nayapitia haraka. Barua zinazosomwa kwa IMAP, njia ya kuzisomea zilikohifadhiwa, zinakaa kwenye seva, kwa hiyo pakua nakala mapema. Usiache kulipia kikoa chako, maana kikishaachwa mtu yeyote anaweza kukisajili, akapokea barua zako na kuomba nywila mpya kwa jina lako. Kuhusu aliyeinunua kampuni kusoma mambo yako, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hiyo inataka siku yake peke yake.

Sasa wenye anwani za kampuni zilizowauzia intaneti sogeeni mbele na kompyuta zenu. Tunabadilisha BRELA kwanza, kisha Ajira Portal, kisha benki, wakati sanduku la zamani bado linafunguka.