Bosi asiye na amri: kuongoza ofisi ya kimataifa inayoimarisha taasisi za umma

DADA: Haya karibuni tena kwenye kipindi, leo hatuna mgeni, tuko mimi na kaka yangu hapa tu, na mada ni ile mliyoiomba sana, hizi ofisi za kimataifa zinazosaidia serikali kuimarisha taasisi zake ili maendeleo yawe endelevu kweli. Kaka, we umezifuatilia muda mrefu, sa hebu tuambie, mtu akipewa kuongoza ofisi kama hiyo anakuwa na mamlaka gani hasa?

KAKA: Mamlaka karibu hamna dada yangu. Na hapo ndo wengi wanapokosea, wanadhani ukiwa mkurugenzi pale Umoja wa Mataifa unampigia waziri simu unamwambia fanya hivi, futa kile. Hata karani wa wilayani huwezi kumwagiza. Chukua kile kitengo cha taasisi za umma na serikali ya kidijitali, kiko New York chini ya DESA, yaani idara ya masuala ya uchumi na jamii. Kikienda nchi fulani kutoa mafunzo au kusaidia mpango, ni kwa sababu nchi yenyewe imeomba. Isipoomba, huendi.

DADA: Kwahiyo bosi mzima unakaa unasubiri barua.

KAKA: Unasubiri barua lakini pia unajenga sababu ya watu kukuandikia. Na sababu kubwa ni kuaminika, hamna nyingine. Kifungu cha 100 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema Katibu Mkuu na wafanyakazi wake wasiombe wala wasipokee maelekezo kutoka serikali yoyote. Yoyote, hata ile iliyokutoa, hata ile inayolipa mchango mkubwa kuliko wote. Dag Hammarskjöld, aliyekuwa Katibu Mkuu wakati huo, alilieleza hili vizuri Oxford mwezi wa 5 mwaka 1961, wakati Wasovieti wanataka kazi ya Katibu Mkuu igawanywe kwa watu watatu, kila kambi na mtu wake. Yeye akashikilia kwamba mtumishi wa kimataifa ni binadamu, ana mawazo yake, ila kazi yake haifanyi kwa niaba ya taifa lolote.

DADA: Sawa, ila kwa kazi za leo hilo linaonekana wapi? Maana 1961 ni mbali.

KAKA: Linaonekana kila siku. Mfadhili anakuja na pesa za mradi, anakwambia nitalipia mafunzo ya wizara ya ardhi mahali fulani, ila konsaltanti atoke kampuni ya kwetu na programu ya kompyuta iwe ya kwetu. Pesa unaihitaji, maana bajeti ya kawaida ya ofisi hizi ni nyembamba, sehemu kubwa ya kazi za mashinani inategemea michango ya hiari. Hapo ndo utajulikana we kiongozi wa aina gani. Ukikubali, ile nchi iliyokuomba msaada inakuwa soko la mtu, na wakishagundua hawakuombi tena.

DADA: Na hata usiposema neno wao wanajua. Watumishi wa wizara wameona wageni wengi.

KAKA: Wanajua siku ya kwanza tu.

DADA: Sa tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wakisikia "kuimarisha taasisi" wanaona semina, wanaona posho, wanaona picha ya pamoja. Kuna msingi gani chini yake?

KAKA: Msingi upo. Ajenda ya 2030, yaani mpango wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo endelevu, ilipitishwa mwezi wa 9 mwaka 2015, ina malengo 17 na shabaha 169, na shabaha ya 16.6 ndo inadai taasisi zenye ufanisi, zinazowajibika na zilizo wazi katika ngazi zote. Afu kuna kamati ya wataalamu wa utawala wa umma, CEPA, watu 24, wanakaa pale kwa nafasi zao binafsi sio kama wawakilishi wa serikali. Hao ndo waliandaa kanuni 11 za utawala bora kwa maendeleo endelevu, na Baraza la Uchumi na Jamii likaziidhinisha mwezi wa 7 mwaka 2018. Zimepangwa kwenye mafungu matatu, ufanisi, uwajibikaji na ujumuishi.

DADA: Mi nilizisoma zote, na ile iliyonigusa ni ya haki baina ya vizazi, kwamba taasisi ifanye maamuzi ikimfikiria na ambaye hajazaliwa. Maana serikali nyingi zinafikiria mpaka uchaguzi ujao tu. Na ile ya kwamba uamuzi ufanyike ngazi ya chini kadri inavyowezekana, karibu na mwananchi.

KAKA: Hiyo ya pili ndo ngumu kuliko zote, kwa sababu kupeleka uamuzi chini bila kupeleka pesa na watu ni kuwatupia mzigo tu halmashauri.

DADA: Enhe. Sa nikuulize kuhusu zile namba, ule utafiti wa Umoja wa Mataifa wa serikali mtandao. Kila ukitoka utaona mawaziri wanapongezana tumepanda nafasi kadhaa. Mi sijui kama unasaidia au unaharibu.

KAKA: Unafanya yote mawili. Ulianza 2001, sasa hivi unatoka kila baada ya miaka miwili, unagusa nchi zote 193 wanachama. Wa 2024 Denmark ilikuwa ya kwanza, Estonia ya pili, Singapore ya tatu. Wanapima vitu vitatu, huduma za mtandaoni, miundombinu ya mawasiliano na rasilimali watu, yaani mambo ya elimu. Kwenye huduma za mtandaoni wanaopima wanaingia kwenye websaiti ya serikali kama mwananchi wa kawaida, hana namba ya mtu wa ndani, anatafuta, je fomu ipo, je naweza kuituma hapahapa, je kuna mahali pa kulalamika. Hilo nalipenda sana kwa sababu linamlazimisha waziri kukaa upande ule wa dirisha ambao hajawahi kukaa.

DADA: Uzuri huo nimeuona. Na ubaya?

KAKA: Ubaya ni pale nchi inapotengeneza sura ya mbele ili ipande nafasi, nyuma kila kitu kiko vilevile. Unajaza fomu onlaini, inafika ofisini inaprintiwa, inawekwa kwenye faili, faili linasubiri sahihi tano. Sasa mkuu wa ofisi ya kimataifa ana kishawishi kikubwa cha kusherehekea hiyo sura, kwa sababu inapendeza kwenye ripoti yake na waziri anafurahi. Anatakiwa awe na ujasiri wa kuuliza faili liko wapi.

DADA: Hapo nina mfano ambao nimeuona kwa karibu, kwenye ofisi ya usajili wa vizazi, nchi nisiitaje. Mradi ulileta sistimu nzuri kabisa, kompyuta, kila kitu. Ila sheria haikubadilishwa, sheria inasema cheti halali ni kile kilichoandikwa kwenye daftari la usajili kwa mkono. Kwahiyo yule karani anaandika jina la mtoto kwenye daftari, afu anaandika tena lilelile kwenye kompyuta, foleni nje imekuwa ndefu kuliko ya zamani, kina mama wamebeba watoto wachanga wamesimama. Na ripoti ya mradi inasema mafanikio, vituo kadhaa vimeunganishwa.

KAKA: Inauma hiyo. Na usajili wa vizazi sio jambo dogo, shabaha ya 16.9 inataka kila mtu awe na utambulisho wa kisheria ifikapo 2030, na makadirio ya UNICEF ya 2024 yanasema watoto kama milioni 150 chini ya miaka mitano hawajasajiliwa. Mtoto asiyeandikwa popote utampangia vipi chanjo, darasa, mwalimu? Kwahiyo yule karani mwenye daftari na kompyuta ndo taasisi yenyewe. Mi naona mkuu wa ofisi hizi akitaka kujua kama kazi inaenda, aende akakae pembeni ya yule karani asubuhi nzima, asiongee, aangalie tu.

DADA: Hapohapo. Sa mi nikubishie kidogo. Kama wizara ni dhaifu na watu wanateseka leo, kwanini hao wageni wasiifanye kazi wenyewe? Waweke timu yao nzuri, walipe vizuri, huduma ifike.

KAKA: Wamefanya hivyo miaka mingi sana, na matokeo tunayajua. Unaanzisha kitengo cha mradi pembeni ya wizara, unachukua wahasibu na wachumi wazuri kutoka wizara hiyohiyo kwa mshahara mara kadhaa, wizara inabaki tupu, afu baada ya miaka mitano unaandika kwamba wizara ni dhaifu inahitaji msaada. Azimio la Paris la 2005, makubaliano ya wafadhili na nchi zinazopokea misaada, lililiona hili, wakakubaliana kupunguza vitengo vya pembeni kwa theluthi mbili ifikapo 2010. Hawakufika. Katika shabaha 13 za azimio lile zilizopimwa kwa dunia nzima, ni moja tu iliyotimia.

DADA: Lakini kwenye mlipuko wa ugonjwa, kaka, huwezi kumwambia mtu subiri tuimarishe wizara.

KAKA: Kwenye dharura nakubali. Ila dharura iwe na tarehe ya kuisha, na siku ya kwanza mjue nani wa wizara atapokea. Kinachoniumiza ni dharura inayogeuka kuwa mfumo wa kudumu.

DADA: Hapo tunakaribiana ila hatujakutana bado, mi nimeona mahali kitengo cha pembeni ndo kilibeba hospitali, na kilipofungwa kwa tarehe iliyopangwa hakuna aliyepokea.

KAKA: Sina jibu rahisi kwa hilo. Ila nikupe mfano wa kitu kilichofanyika bila kitengo cha pembeni. Uganda, miaka ya 90, walifanya utafiti wa kufuatilia ruzuku ya shule za msingi kutoka hazina mpaka shuleni. Wakakuta kati ya 1991 na 1995 kwa wastani shule zilikuwa zinapata kama asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa, nyingine inaishia njiani wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila wilaya imetumiwa kiasi gani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Ilipofika 2001 sehemu inayofika ilikuwa zaidi ya asilimia 80.

DADA: Karatasi ukutani!

KAKA: Karatasi ukutani. Ila tuseme ukweli wote, kulikuwa na mageuzi mengine wakati uleule, watafiti wamebishana sana gazeti lenyewe lilichangia kiasi gani. Mi ninachokichukua ni kwamba kwanza mtu alikubali kupima, afu majibu mabaya yakatangazwa na serikali yenyewe. Ofisi ya nje inaweza kusaidia kutengeneza dodoso, ila ujasiri wa kutangaza unatoka ndani.

DADA: Na ndani ya ofisi yenyewe je? Maana tunaongelea nchi tu. Unaongoza watu wa mataifa mengi, wengine mikataba mifupi, huyu kalelewa utumishi wa Kifaransa, yule wa Kiingereza.

KAKA: Hapo kuna kazi ya kimyakimya ambayo haionekani. Kifungu cha 101 cha Mkataba uleule wa Umoja wa Mataifa kinataka ajira ziangalie kwanza ufanisi, uwezo na uadilifu, pamoja na kuzingatia mgawanyo mpana wa kijiografia. Mi ningeongeza, tafuta watu waliowahi kukaa dirishani serikalini, waliowahi kungoja bajeti iliyochelewa. Mtu aliyesoma tu utawala wa umma bila kuufanya anaandika mapendekezo 40, aliyeufanya anaandika matatu na anajua la kwanza ni lipi. Na mkuu awalinde hao wanaoleta habari mbaya, maana wakiona mwenzao aliyesema ukweli mkataba wake haukuongezwa, kuanzia siku hiyo ripoti zote zitakuwa tamu.

DADA: Ripoti tamu tunazo za kutosha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu yale malengo 17 yenyewe ilisema ni asilimia 17 tu ya shabaha zinaenda kwa mwendo unaotakiwa. Sa ukipewa ofisi hiyo kesho, wiki ya kwanza unafanya nini?

KAKA: Naomba orodha ya miradi iliyofungwa miaka mitatu iliyopita. Sio inayoendelea, iliyofungwa. Napiga simu mwenyewe kwa ofisa aliyekabidhiwa, namuuliza sistimu inawaka? Leseni ya programu nani analipa? Ina kifungu kwenye bajeti ya serikali? Wale mliofundishwa wangapi bado wako kwenye hiyo kazi na wangapi wamehamishwa?

DADA: Na ukikuta nusu imekufa?

KAKA: Naweka ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu, na sababu ya kila mmoja, huu uliuawa na leseni, huu na sheria ya zamani, huu na uhamisho. Afu naomba ruhusa kwa hizo nchi tuzitumie kama somo kwa nchi nyingine zinazotaka kuanza kitu hichohicho.

DADA: Kuna nchi zitakataa.

KAKA: Zitakataa, na hiyo ni haki yao, jina la nchi linafutwa, sababu inabaki. Ila ziko zitakazokubali, maana ofisa aliyehangaika na seva iliyozimwa anatamani sana mtu aje amuulize.

DADA: Wiki ijayo tunaingia kwa wakaguzi wakuu wa hesabu, tangu umoja wao wa INTOSAI ulipoanzishwa 1953 mpaka leo wanavyokagua malengo yenyewe na sio pesa tu. Kama umewahi kufanya kazi ofisi ya ukaguzi tutumie sauti yako, tutaicheza.