Neno "mzee" ndani ya dodoso

Walimu wangu, shikamooni. Vijana wa udaktari mlioketi nyuma, hamjambo.

Nilikuwa kliniki na mwanafunzi wa mwaka wa nne. Akaingia babu mmoja na binti yake. Kijana akasimama, akamwamkia kwa heshima zote, akamvutia kiti. Kisha akamgeukia binti: "Babu anasumbuliwa na nini?" Akaandika kurasa mbili za maelezo ya binti. Shinikizo la damu, miguu kuvimba, usiku halali. Babu kimya, kofia mapajani. Nilimwomba binti atupishe kidogo, nikamuuliza mzee mwenyewe. Kumbe anaamka mara nne, mara tano, kwenda kukojoa, na hilo asingelitamka mbele ya mwanawe. Vidonge vya kukojoza alikuwa anavimeza jioni. Hakuna aliyewahi kumwambia avimeze asubuhi.

Kijana yule ningempa dodoso la kupima mtazamo wake kuhusu wazee siku ileile, angepata alama nzuri, na asingekuwa amedanganya. Hilo ndilo linalonisumbua.

Vipimo hivi si vya jana. Mwaka 1961 Nathan Kogan, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa kipimo cha sentensi 34 zilizopangwa jozi 17: kila sentensi inayowasema wazee vizuri ina mwenzake inayowasema vibaya, ili anayekubali kila kitu ajulikane. Mwaka 1998 David Reuben na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha kifupi zaidi, cha sentensi 14. Unajibu kwa ngazi tano, toka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa; kila ngazi ina alama, 1 hadi 5; sentensi hasi zinageuzwa alama, 5 ikawa 1, ili alama kubwa daima iwe mtazamo mzuri; unatafuta wastani, na 3 ndiyo katikati. Kilitungwa kwa madaktari waliokuwa kwenye mafunzo ya ubingwa wa huduma za msingi, lakini kwa ufupi wake kimeenea hadi kwa wanafunzi wa nchi nyingi. Kinauliza, kwa mfano, kama inapendeza kuwasikiliza wazee wakisimulia ya zamani, na kama kuchukua historia ya mgonjwa mzee ni adha.

Sasa kilete kwa Kiswahili. Papo hapo unakutana na neno "mzee", na neno hili kwetu ni cheo kabla halijawa umri. Baba mwenye nyumba ni mzee hata akiwa na miaka 45. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee na taifa zima. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo ukimwandikia "wazee wengi ni watu wa kupendeza", atakataaje? Anajibu malezi yake. Ajuza wa miaka 84 aliyelowesha shuka wodini, asiyesikia vizuri, anayerudia swali mara tatu, hayumo kichwani mwake anapoweka alama ya vema.

Kwa hiyo, tunapotafsiri, tusiridhike na kumpa mtu wa pili airudishe tafsiri kwenye Kiingereza ili tulinganishe. Maneno yatalingana na picha isilingane. Kaa na wanafunzi wachache, mmojammoja, wasome sentensi kwa sauti, uwaulize: hapa umemfikiria nani? Wakikujibu "babu yangu", andika upya. Andika "mgonjwa mwenye umri wa miaka 80 aliyelazwa". Hata "miaka 60 na zaidi", mpaka unaotumiwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003, ni mpana mno kwa kazi hii: ndani yake yumo anayelima heka mbili na yumo asiyeweza kuinuka kitandani.

Na dodoso lisiachwe peke yake. Mwanafunzi anapomwona mgonjwa, keti pembeni ya chumba na karatasi. Swali la kwanza kaulizwa nani? Zimepita dakika ngapi kabla mgonjwa hajasema neno? Daktari amesogea upande wa sikio linalosikia? Amepata nafasi ya kuwa naye faragha? Haya yanahesabika, na ukiyaweka kando ya wastani wa dodoso, pale yanapopishana ndipo pa kufundishia. Mimi naamini wanafunzi wetu hawana upungufu wa heshima. Heshima yenyewe ndiyo inayowazuia kumuuliza mtu mzima habari za mkojo, kuanguka, au usiku wake na mkewe.

Babu alirudi baada ya wiki mbili, vidonge akivimeza asubuhi. Kijana alimwamkia, akamwomba binti asubiri nje kidogo, akasogeza kiti chake karibu. "Babu, usiku unaamka mara ngapi?" Mara moja, akasema, na siku nyingine haamki kabisa.