Asiyevuta sigara naye ana msimbo wake: mhadhara kwa makoda na manesi Waswahili walioko Marekani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Waliokaa nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele. Najua wengine mmetoka zamu sasa hivi na wengine mnaingia usiku, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Leo naongelea hasa msimbo mmoja, Z77.22, wa ICD-10-CM, kile kitabu cha Marekani ambacho koda anakitumia kugeuza noti za daktari kuwa misimbo. Ni wa mtu ambaye yeye mwenyewe havuti lakini anavuta moshi wa sigara ya mwenzake, iwe ni mume, mzazi au mtu waliyepanga naye nyumba. Nimeuchagua kwa sababu unarukwa sana, yaani sana, na anayeumia zaidi unaporukwa ni mtoto mdogo ambaye hawezi kumwambia baba toka nje na sigara yako.

Chukueni mfano. Mtoto wa miaka 6 analetwa kliniki, kifua kinabana, usiku hawalali kwa kikohozi chake. Daktari anaandika pumu ya kudumu ya kiwango cha kati, imepamba moto ghafla. Koda anaweka J45.41, anafunga faili, klemu, yaani dai la malipo, inakwenda bima, kila mtu ameridhika. Lakini shuka chini kidogo kwenye noti za daktari utakuta kamstari: baba anavuta ndani ya nyumba, nusu paketi kwa siku. Kamstari hako ndiyo Z77.22. Na si jambo la kuamua ukijisikia, kitabu chenyewe chini ya J45, kundi la pumu, kinakuambia ongeza msimbo wa moshi wa sigara kama upo, na maelekezo hayohayo yako mwanzoni kabisa mwa sura ya magonjwa ya mfumo wa hewa, yako pia kwenye masikio, H65 na H66, maana watoto wanaoishi na moshi wanasumbuliwa sana na sikio la kati.

Sasa mtu ataniuliza, mwalimu, usipowekwa kuna hasara gani, si mtoto ameshapewa dawa? Hasara ipo. Miezi mitatu baadaye anarudi, safari hii anamwona daktari mwingine, daktari ana dakika chache, anaangalia orodha ya matatizo kwenye skrini anaona pumu, pumu, pumu. Anapandisha dozi. Hakuna anayeuliza kuhusu sebule yao kwa sababu kamstari kalizikwa kwenye noti za mwezi ule, na noti za zamani nani anazisoma jamani. Lakini msimbo unakaa kwenye orodha, unaonekana, na hata wanaohesabu watoto wangapi wenye pumu wanaishi na mvutaji wanahesabu misimbo, hawasomi hadithi.

Kuhusu madhara sitakaa sana, nyie ni watu wa afya. Mwaka 1981 Hirayama kule Japani alionyesha kwamba wake wasiovuta, waume zao wakiwa wavutaji, wanakufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, Richard Carmona, akatoa ripoti iliyosema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na hatari. Hakuna. Na WHO wanahesabu zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta wanaokufa kila mwaka duniani kwa moshi wa wengine.

Turudi kwenye faili, maana huko ndiko tunakoharibu.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni hili, koda anaona neno sigara kwenye noti anakimbilia F17.210. F17 ni uraibu wa nikotini, ni ya mvutaji. Ukimwekea mama ambaye hajawahi kuigusa sigara ila mumewe ndiye mvutaji, umemwandika mraibu, na hapa Marekani sheria ya bima ya 2010 inaruhusu bima kumtoza mvutaji mpaka asilimia 50 zaidi, majimbo kadhaa tu ndiyo yamekataa au yamepunguza. Kwa hiyo neno mraibu kwenye faili la mtu si kitu cha kuchezea, kulitoa ni kazi ya barua na simu na kusubiri. Kitabu kinakukinga, chini ya Z77.22 kuna lile katazo la aina ya 1, kwamba usiiweke pamoja na F17 wala na Z72.0 ya matumizi ya tumbaku. Na huyo anayevuta mwenyewe halafu anaishi na mvutaji mwenzake, yeye anabaki kwenye upande wa wavutaji, moshi wa mwenzake humwandikii.

Kichanga ana wake. Kuanzia kuzaliwa mpaka siku ya 28, moshi wa wazazi au wa ndani ya nyumba ni P96.81, ikishapita hapo ndiyo unaenda Z77.22. Na kama mama alivuta akiwa mjamzito na mtoto amezaliwa ameathirika, hiyo ni P04.2, ni habari tofauti kabisa, msizichanganye, ingawa mtoto mmoja anaweza akawa na zote mbili.

Halafu kuna kazini, Z57.31. Hapa naomba tutulie kidogo.

Wengi wanadhani siku hizi hakuna kazi yenye moshi Marekani. Nenda Nevada. Sheria yao ya 2006 ilikataza sigara sehemu nyingi za ndani lakini kumbi za kamari za kasino ikaziacha, kwa hiyo yule dada anayegawa karata Las Vegas anasimama zamu nzima mbele ya watu wanaompulizia usoni. Wahudumu wa sehemu za shisha nao ni haohao, shisha ni tumbaku, msidanganywe na harufu ya matunda. Na kabla yao walikuwepo wahudumu wa ndege. Ndani ya ndege za Marekani sigara zilianza kukatazwa 1988 kwa safari za ndani za muda wa saa 2 au chini ya hapo, 1990 zikafuata karibu safari zote za ndani, za nje zikasubiri mpaka 2000. Norma Broin alikuwa mhudumu wa American Airlines, hakuwahi kuvuta, akapata saratani ya mapafu. Mwaka 1991 yeye na wenzake wakazishtaki kampuni za sigara kule Miami, kesi ikaisha kwa makubaliano 1997, kampuni zikatoa dola milioni 300 za kuanzisha mfuko wa utafiti, na kila mhudumu akabaki na haki ya kudai fidia yake mwenyewe. Hebu fikirieni mtu anakwenda kudai baada ya miaka 20, faili lake lina kikohozi, lina bronkaitisi, lina sainasi, na hakuna popote palipoandikwa kwamba alikuwa anafanya kazi ndani ya moshi. Kwa hiyo dada wa kasino akija na kifua, akisema kazi yake, iandikwe leo.

Manesi, sasa nawageukia nyie. Misimbo ya hali ya maisha, Z55 mpaka Z65, koda anaruhusiwa kuiweka kwa kufuata noti za nesi au za ofisa ustawi wa jamii, si lazima daktari tu, na Z57.31 iko humo ndani. Z77.22 iko nje ya kundi hilo, kwa hiyo usibahatishe, mrudishie daktari, muombe aandike. Koda naye hana ruhusa ya kukisia, harufu ya sigara kwenye koti la baba si noti. Na namna ya kuuliza ina uzito, ukimuuliza mama "mnavuta?" atakujibu hapana na ni kweli, yeye havuti. Uliza "kuna mtu yeyote anayevuta nyumbani, kwenye gari, au kwa mtu anayemlea mtoto mchana?" Utashangaa majibu.

Kwa wanaofikiria kurudi nyumbani kufanya kazi hii, Z77 hamtaikuta kwenye ICD-10 ya WHO, ile ya kimataifa, Z77 iko kwenye toleo la Marekani. Kule ni Z58.7. Na mkikuta faili za kabla ya tarehe 1 Oktoba 2015 hapa, zina E869.4 ya kitabu cha zamani, enzi hizo moshi ulikuwa umewekwa pamoja na ajali za sumu ya gesi.

Haya, maswali. Ndiyo, dada.

Ameuliza, baba mkwe amekuja kukaa nao, anavutia kibarazani na mlango umefungwa, je mtoto anahesabiwa? Swali zuri na najua liko kwenye nyumba nyingi humu. Msimbo wenyewe unasema kukutana na moshi au kushukiwa kukutana nao, kwa hiyo daktari hahitaji kuona kwa macho, akihisi inatosha aandike hivyo. Akitaka uhakika kuna kipimo cha kotinini, alama ambayo nikotini inaiacha mwilini, cha damu, mkojo au mate, ila kinaonyesha moshi wa siku chache tu zilizopita. Na ile ripoti ya 2006 ilisema kutenga vyumba na kufungua madirisha hakuondoi moshi wote. Kwa hiyo dada, kliniki taja kibaraza, usiseme tu hapana hatuvuti ndani. Mzee hafukuzwi na mtu, na jina lake halimo popote kwenye Z77.22, faili ni la mtoto.