Maiti Haulizwi Sanda

Asanteni. Nawaona wanaonijua mmeshaanza kutabasamu, maana mnajua nitasema nini. Nitasema yale yale: mwenye njaa alishwe kwanza. Leo mfano nimeutoa mbali, kwa Wayahudi wa Marekani, kwa kuwa ya hapa nyumbani mmeyachoka.

Masinagogi mengi kule yana desturi moja. Siku ya Rosh Hashanah, Mwaka Mpya wao, waumini wakitoka kwenye ibada wanakuta mlangoni mifuko mitupu ya kaki. Kila familia inachukua wake. Umebandikwa karatasi: maharage ya kopo, samaki wa kopo, mchele, siagi ya karanga, nepi za watoto. Chupa za kioo hapana, zinavunjika. Kilichopitwa na tarehe hapana. (Na ninyi mnaoleta unga wenye wadudu, mnanisikia?) Siku chache baadaye, jioni ya kuamkia Yom Kippur, siku yao ya toba, kabla jua halijazama, mifuko inarudi imejaa. Kisha watu wanafunga kama saa 25, hata maji hawagusi. Asubuhi wanasomewa Isaya 58, pale nabii anapowasuta watu wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, na kuwaambia saumu anayoitaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Mtu anayasikiliza hayo tumbo likimnguruma. Mhubiri hana haja ya kupayuka.

Kuna ndugu pale nyuma anasema moyoni, "Si wanalishana wenyewe kwa wenyewe?" Hapana, bwana. Mifuko hiyo kwa kawaida inapelekwa kwenye ghala la chakula la mtaani, na foleni ya pale haina dini. Wala si ukarimu wa juzi. Talmudi, mkusanyo wao wa kale wa sheria na mafundisho ya marabi, imeshasema maskini wa mataifa mengine walishwe pamoja na maskini wa Israeli, ili watu waishi kwa amani.

Sasa nije kwenye langu. Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika hivi: akija mtu usiyemjua akasema ana njaa, usimchunguze, mlishe papo hapo. Akiomba nguo na humjui, hapo unaweza kumchunguza. Maana nguo itasubiri, tumbo halisubiri. Wazee wetu walishayamaliza haya: maiti haulizwi sanda.

Sisi tunamuuliza! Kamati moja, siitaji, ilimtaka mama mwenye watoto wadogo alete barua ya mjumbe, nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti saizi. Kwa ajili ya nini? Kilo mbili za unga. Nauli ya kumfuata mjumbe, hela ya fotokopi, hela ya mpiga picha. Piga hesabu uone kama unga huo asingeununua mwenyewe. Na alipokamilisha yote, akaambiwa mweka muhuri kaenda msibani, arudi Jumatatu. Watoto nao wale Jumatatu?

"Lakini matapeli wapo." Wapo, tena wengi. Kuna rabi katika Talmudi, Elazari, alisema tuwashukuru matapeli, kwa kuwa bila wao tungekuwa tunatenda dhambi kila siku. Mnacheka, ila ametusema sisi. Tapeli ndiye kisingizio chetu cha kumpita ombaomba halisi. Mimi nasema hivi: akinitapeli sahani ya wali, kala wali. Kuna hasara gani hapo?

Muda unakwisha, nayapitia haraka. Picha za simu wakati wa kugawa: acheni. Musa huyo huyo alipanga ngazi nane za sadaka, na ya pili kutoka juu ni ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji. Ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo au kazi asihitaji tena kuomba. Hiyo tutaizungumza siku nyingine. La fedha: ukiwa nayo toa fedha, ghala linanunua kwa bei ya jumla, wewe dukani hupati bei hiyo. La pembe za shamba zilizoachwa kwa maskini mtalisoma wenyewe, Walawi 19.

Mwenyekiti ameshika saa, nimemwona. Ombi moja tu kwa mweka hazina: zile fomu za kuombea msaada zikiisha stoo, usichapishe nyingine. Hela hiyo inunue mafuta ya kula.