Joto la Gia Boksi Halifi, Linahama

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, mambo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, jambo sana. Waliosimama nyuma wasogee mbele, maana hili feni la gereji linapiga kelele na mimi sauti yangu si ya muadhini.

Nimeombwa nizungumzie kufunga kipozeo cha ziada cha mafuta ya gia boksi kwenye pikapu ya mbio. Mafundi wengi tunakiita "kula". Leo nitasema kipozeo, kwa sababu siku moja nilimwambia mama mmoja gari lake linahitaji kula, akanijibu, "Baba, hata mimi nina njaa."

Pikapu yenyewe ni ile iliyoko juu ya lifti: Ford F-150 SVT Lightning ya mwaka 2001. Naona wanaoijua wanatabasamu. V8 ya lita 5.4 yenye supachaja ya Eaton, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, nguvu farasi 380, na nyuma yake gia boksi ya otomatiki ya gia nne, 4R100. Hiyo 4R100 si mtoto. Ndiyo hiyohiyo waliyoifunga kwenye Super Duty, pikapu kubwa za Ford, za dizeli za lita 7.3, zile zinazovuta matrela ya ng'ombe hapa Texas. Sasa mtu anauliza: gia boksi ngumu kiasi hicho inataka kipozeo kingine cha nini?

Tuingie ndani ya konveta, kile chombo kati ya injini na gia boksi kinachopitisha nguvu. Chukueni mapangaboi mawili, myaweke yatazamane. Washa moja, la pili litaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Konveta ni hivyo, ila badala ya upepo kuna mafuta, na yote yamefungiwa ndani ya boga la chuma. Haya, sasa lishike lile pangaboi la pili lisizunguke kabisa. Nguvu ya la kwanza inakwenda wapi? Nani? Sema kwa sauti, kijana. Ndiyo, inakuwa joto. Yote.

Na hicho ndicho anachofanya dereva wa mbio pale kwenye mstari wa kuanzia. Mguu wa kushoto umekanyaga breki, wa kulia mafuta, anangoja taa ya kijani. Tuseme injini iko mizunguko 2,200 kwa dakika, inasukuma mkazo wa niutoni-mita 400. Piga hesabu, utapata kilowati 92. Jiko la umeme la sahani moja ni kama kilowati moja na nusu. Kwa hiyo umewasha majiko 60 ndani ya boga moja, na gari halijasogea hata hatua. Gia boksi nzima inabeba lita 16 hivi za mafuta, lakini yanayoungua kwanza ni yale yaliyomo kwenye konveta. Tukisema humo mna lita 5, yanapanda nyuzi 10 kila sekunde. Hesabu hiyo niliifanya nyuma ya risiti, na bado ilinifanya niwakataze wateja wangu kushikilia breki zaidi ya sekunde chache.

Mafundi wa gia boksi hapa Marekani wana kanuni wanayorithishana: mafuta yakikaa karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, yanadumu, kila yakipanda nyuzi 11 juu ya hapo, umri wake unakatika nusu. Ni ya kukadiria tu, na mafuta ya sintetiki yanavumilia zaidi. Lakini yakifika 115 hivi yanaanza kuacha utando wa vanishi kwenye valvu, na ukikaribia 145 klachi zenyewe zinateleza na kuungua. Hapo hakuna tena mazungumzo ya kipozeo, ni mazungumzo ya pesa.

Ndiyo maana nasema kabla hujanunua chochote, funga geji ya joto la mafuta. Vijana wanaruka hatua hii kwa sababu geji haipendezi kwenye picha. Na ujue unapima wapi: mafuta yanayotoka konveta kwenda kupozwa yanaweza kuruka juu ghafla, wakati yaliyo kwenye sampo, lile beseni la mafuta chini ya gia boksi, bado yametulia. Mimi naangalia sampo kwa sababu ndiyo hali ya gia boksi nzima. Pikapu hii, baada ya kukimbia mara tatu mfululizo siku ya jua kali, sampo ilisoma 112. Vuta pia kijiti cha kupimia, unuse. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kama ugali ulioungulia sufuriani, gia boksi inateleza tayari. Kipozeo hakitibu hilo.

Kuhusu aina sitakaa sana. Kuna cha bomba moja lililopindapinda lenye mapezi; ni rahisi, na kwa gari la kwenda sokoni kinatosha. Kuna cha sahani zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kama Tru-Cool, na hicho ndicho ninachofunga kwenye magari ya mbio, kwa sababu kinatoa joto zaidi kwa ukubwa uleule na hakiyabani mafuta sana. Wenye Super Duty za 7.3 wanakijua: wanazunguka kwenye makaburi ya magari kutafuta kile kikubwa kilichokuja na injini za lita 6.0.

Swali gumu ni pa kukiweka. Kipozeo hakiui joto, kinalihamisha. Sasa unalihamishia wapi? Simama mbele ya Lightning, chungulia kupitia grili. Kwanza kuna kirejeta kidogo cha maji ya intakula, kinachopoza hewa inayotoka kwenye supachaja. Kisha kondensa ya AC, inayopoza gesi ya AC. Kisha rejeta ya injini. Wote wanagombea upepo mmoja. Ukibandika kipozeo chako mbele ya kile cha intakula, umechukua joto la gia boksi ukalipulizia hewa inayoingia kwenye injini. Gia boksi inashukuru, injini inapoteza nguvu, na mwenye gari anakuja kukuuliza kwa nini gari limekuwa zito kuliko kabla hajakulipa.

Mimi nakiweka pembeni, mahali ambapo hakijapangana na intakula, na ninaacha nafasi ya vidole viwili nyuma yake ili hewa ipite. Nafasi ikikosekana, nakipeleka chini ya bodi ya nyuma, na feni yake yenyewe.

Na mabano yawe ya chuma. Seti nyingi za kipozeo zinakuja na vile vijiti vya plastiki vya kuchomeka katikati ya mapezi na kukaza upande wa pili. Kufunga ni dakika kumi. Cha kwanza nilichofunga hapa Houston nilitumia hivyo vijiti, nikajisifu. Gari linatetemeka, kipozeo kinasuguana na kondensa, taratibu, kama panya na gunia. Mwezi wa Agosti mteja akarudi: AC imekufa. Nilipotoa grili nikaona doa la mafuta ya kompresa, na katikati yake tundu dogo la kuingia sindano. Kondensa mpya niliinunua kwa pesa yangu.

Mabomba: mafuta yatoke gia boksi, yapite kwenye rejeta kama zamani, kisha kipozeo cha ziada, ndipo yarudi. Usiiruke rejeta hata kama kipozeo chako ni kikubwa, kwani asubuhi ya baridi ndiyo inayoyapasha mafuta. Mpira uwe wa gia boksi, ulioandikwa SAE J1532. Wa petroli utakaa wiki kadhaa, kisha utakauka na kupasuka barabarani. Ukimaliza, chomoa bomba la kurudi, liingize kwenye chupa yenye alama, mtu awashe injini ikiwa sailensa, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta. Lita moja ijae kwa sekunde 20 hivi. Ikichukua dakika, umebana mahali, rudi utafute. Kisha ongeza mafuta, kwa sababu kipozeo na mipira mipya vimemeza yao.

Swali? Ndiyo, mzee wangu. Bei? Tutaongea ukiwa umekaa. Sasa njooni huku kwenye lifti. Nimeizima nusu saa iliyopita na bomba bado ni la moto, chukueni glavu kwenye lile boksi.