Karatasi ya Hariri: Kazi Yote Iko Kwenye Gundi

Karibuni, ndugu zangu. Kipande hiki kinachopita mikononi mwenu tunakiita karatasi, lakini jina hilo huwapotosha wanaoanza. Karatasi ya kawaida hujishika yenyewe: nyuzi za mimea zikiloa, zikabanwa na kukauka, hugandana. Sufu nayo hushikana kwa kusuguliwa, kwa kuwa nywele zake zina magamba. Hariri haina hili wala lile. Iloweshe, isugue kutwa nzima, ikikauka itaachana. Inayoishika ni gundi tu.

Kiwavi wa hariri ana gundi yake, serisini, ambayo ni kama robo ya uzito wa uzi mbichi. Lakini hariri iliyochanwa kama nywele, ile ya kung'aa inayouzwa kama utepe mnene, imekwishachemshwa kwa sabuni na serisini imetoka. Basi sisi tunairudishia gundi nyingine.

Kwa karatasi ya sentimita 20 kwa 30, pima gramu 5 hadi 8 za hariri. Tandika plastiki mezani, juu yake kipande cha neti ya chandarua kinachozidi karatasi kwa vidole vinne kila upande. Kipande cha pili cha ukubwa huo kiweke kando.

Sasa kuvuta, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Mkono mmoja ushike utepe, mwingine ushike ncha yake, na kati ya mikono muache kama sentimita 20. Ukiikaribisha, mikono yote miwili inakuwa imeshika nyuzi zilezile, na hata uvute kwa nguvu hazitoki. Mkasi usitumike kabisa. Ncha zilizokatwa hufanya mistari migumu. Mikono iwe mikavu na laini, maana hariri hunasa kwenye ngozi iliyopasuka.

Panga vishungi vyepesi kama vigae vya paa, kila kimoja kikilalia kidogo mwenzake. Tabaka la kwanza lielekee kulia na kushoto, la pili juu na chini, la tatu kama la kwanza. Bila kukingamisha hivyo, karatasi itachanika kwa kufuata upande mmoja. Inua neti uitazame kwenye mwanga: penye tundu, ongeza kishungi.

Funika kwa neti ya pili. Changanya nusu lita ya maji na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Maji matupu huteleza juu, kwa sababu hewa imejificha katikati ya nyuzi. Sabuni ndiyo inayoyapenyeza. Paka kwa brashi pana ukibonyeza taratibu, usisugue, nyuzi zisije zikapenya neti. Geuza, paka upande wa pili. Panapobaki peupe hapajaloa, na mahali pasipoloa gundi haitafika. Karatasi nyingi zinazogawanyika katikati kama mkate wa kumimina uliokosa kuiva zimeharibikia hapa. Kisha kausha maji ya ziada kwa taulo, la sivyo yataifanya gundi kuwa nyepesi mno.

Gundi ziko za aina mbili. Ya akriliki ya kupakia vitambaa, ichanganye nusu kwa nusu na maji. Ikikauka haitoki kwa maji, basi inafaa kwa mikoba na taa. Ya unga wa selulosi, ya kubandikia karatasi za ukutani, hubaki ikiyeyuka majini. Itumie kwa kadi na majalada ya daftari. Paka pande zote mbili, kisha futa inayoelea juu. Ikizidi, hariri hupoteza mng'ao na kuwa kama plastiki, na hiyo ni hasara kubwa kuliko karatasi dhaifu kidogo.

Anika ikiwa bado ndani ya neti hadi ikauke kabisa. Bandua neti pole pole ukianzia pembeni, ukiivuta kwa kuilaza, siyo kuinyanyua wima. Uliyotumia akriliki, ipige pasi kati ya karatasi mbili za kuokea.

Ukipata vifukofuko, yaani vifuko anavyojisokotea kiwavi, vilivyotoboka kutoka kwa wafugaji wa viwavi wa mforosadi, usivichemshe. Tenganisha matabaka yake, yanyunyizie maji, uyapige pasi ya moto wa wastani kati ya karatasi za kuokea. Serisini italainika, itashika yenyewe, na gundi ya dukani huihitaji.