Mpimeni Akiwa Wima

Ndugu zangu, kiharusi chenyewe mnakijua: mshipa umeziba au umepasuka, sehemu ya ubongo imekosa damu. Sitarudia hayo. Nimekuja na kesi ileile ninayoileta kila nikipewa nafasi ya kusema: mgonjwa wa kiharusi anayekataa kusimama asiitwe mvivu kabla hajapimwa presha akiwa wima.

Niliwahi kumfanyisha mazoezi mzee mmoja aliyepooza upande wa kushoto. Mguu ulikuwa umeanza kurudi. Akiwa amelala anaukunja, anaunyoosha, anakisukuma kiganja changu kwa unyayo mpaka nasogea. Lakini mwinue sasa! Haupiti muda, anaanza kupiga miayo. Jasho jembamba linamtoka juu ya mdomo. Kisha anashika ukingo wa kitanda, anasema, "Nirudishe." Kwenye faili lake ikaandikwa: hana ari. Kesho yake tena, hana ari. Mwanawe akawa anamgombeza, "Baba, jitahidi basi!" Nami nilimhimiza vilevile, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Siku moja nesi alikuwa bado hajaufungua mkanda wa mashine ya presha tulipomwinua, akabonyeza tena. Akiwa amelala, namba ya juu ilikuwa 138. Ameketi, 121. Amesimama dakika moja, 96. Na mzee anapiga miayo. Wiki nzima alikuwa anatuambia kwamba damu haimfiki kichwani, sisi tunamjibu kwa mawaidha.

Mtu yeyote akisimama, damu ya nusu lita au zaidi hushuka kuelekea miguuni na tumboni. Shingoni na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisio vinavyolitambua hilo papo hapo na kupeleka habari kwenye shina la ubongo. Amri inatoka: mishipa ibane, moyo uongeze mwendo. Ni kazi ya sekunde chache, na mwenye afya hana habari nayo. Ila sehemu za juu za ubongo nazo zina kauli katika amri hizo, hasa ile iitwayo insula, iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni. Insula inalishwa na mshipa wa kati wa ubongo, na huo ndio unaozibwa mara nyingi zaidi kiharusi kikitokea. Tunauona mkono uliolegea kwa sababu unaonekana. Neva zinazoendesha moyo na mishipa haziwezi kuonekana zikilegea, lazima upime.

Najua kuna anayesema moyoni, "Huyo mzee alikuwa kwenye vidonge vya presha, amelala siku nyingi, pengine maji hanywi." Sawa kabisa! Yote hayo yanashusha presha, na mengine alikuwa nayo. Ndiyo maana nasema pima. Daktari hawezi kurekebisha dozi kwa neno "hana ari". Mpe namba tatu, atakuwa na la kufanya. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hilo ni tatizo lenye jina na tiba. Mzee wetu alipangiwa vidonge upya, akawa anaketi kwanza na kuchezesha nyayo kabla ya kuinuka. Baada ya siku kadhaa alisimama dakika nne, macho makavu, anauliza mlango uko wapi.

Mwingine atasema, basi tuwaache walale. Hapana, hapana! Kulala kunazidi kuzidhoofisha neva hizo hizo. Lakini kuna utafiti mkubwa uliotoka 2015, wagonjwa 2,104, uitwao AVERT: walioinuliwa mapema sana, ndani ya saa 24, tena kwa mazoezi mengi, walipona vizuri kwa uchache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Huduma hiyo ya kawaida nayo iliwainua watu mapema, ila kwa kiasi. Kwa hiyo mwinueni mara nyingi, kwa muda mfupi mfupi.

Hebu kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Vuta pumzi polepole. Sasa itoe, polepole zaidi. Wengi wenu mnasikia pigo likiharakisha kidogo mkivuta na kulegea mkitoa. Hiyo ni neva ya vagasi, breki ya moyo. Baada ya kiharusi mchezo huo mara nyingi hupungua, moyo unapiga kama saa ya ukutani. Na mkisikia mapigo yanayorukaruka bila mpangilio wowote, mwambieni daktari siku hiyohiyo, maana moyo wa namna hiyo hutengeneza damu iliyoganda na kuituma kichwani.

Kuhusu kifaa cha kuichochea vagasi wakati wa mazoezi ya mkono, kilichoidhinishwa Marekani 2021, sina muda, naonyeshwa saa. Mashine ya presha niliyokuja nayo iko hapa mezani. Wanaouguza watu nyumbani wabaki, tufunge mkanda pamoja, kwenye mkono usiopooza.